Baba Anaosha Filta ya Karatasi, Nami Naibadilisha kwa Siri

Mpendwa mshauri, nisaidie mapema, kwa sababu kila siku ninayonyamaza naharibu zaidi, na nyumbani sina wa kumwambia, mama ni mgonjwa, baba ndiye mwenyewe ninayemficha, na kaka zangu wawili wako mbali, ukiwapigia wanasema, "Wewe ndiye uliye nyumbani, utajua la kufanya." Mimi ni kitinda mimba, nina miaka thelathini na minne, nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ndiye ninayeendesha gari kumpeleka mama hospitali kila Jumatatu na Alhamisi kusafishwa damu, maana figo zake zimechoka. Njia karibu yote ni vumbi na ina mlima mmoja mrefu. Akikosa siku moja tu miguu inavimba na pumzi inakuwa ya kuhesabu.

Baba alikuwa fundi wa matrekta na malori kwa miaka thelathini na tisa, mtaani wanamwita Spana, na tangu tupate hili gari hakuna mkono mwingine uliowahi kufungua boneti. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anavaa ovaroli yake, anatoa filta ya hewa, ile ya karatasi iliyokunjwakunjwa inayozuia vumbi lisiingie kwenye injini, anaiosha kwenye beseni kwa sabuni ya unga, anaianika ukutani, na kabla haijakauka vizuri anairudisha. Filta za matrekta ya zamani zake zilikuwa za sponji, nyingine za wavu na mafuta, hizo zilioshwa kweli, na ukimwambia za siku hizi hubadilishwa anakujibu, "Hizo ni hila za wauza spea. Kitu kichafu kinaoshwa, hakitupwi. Wewe ungetupwa kila ulipojichafua, leo ungekuwepo?" Mama anacheka mpaka anakohoa.

Mwaka jana gari likaanza kunywa mafuta kama lina kiu ya mwezi mzima, ukikanyaga halivuti, nyuma linatoa moshi mweusi, na Alhamisi moja tukiwa katikati ya mlima likakata pumzi kabisa, mama yuko kiti cha nyuma anajipepea na kitambaa. Dereva wa lori akasimama, akafungua sanduku la filta, akaitoa imelegea kama mkate ulioingia kwenye chai, imechanika pembeni, na ndani ya bomba mna vumbi. Akaniuliza, "Dada, nani ameosha karatasi?" Nikasema sijui. Uongo wangu wa kwanza ndio huo, na nauona kama mlango niliouacha wazi.

Akalitupa lile tambara la filta, gari likawaka bila filta, akatusindikiza polepole mpaka juu. Kesho yake nikaenda duka la spea, muuzaji akanionyesha vibanio vinne tu, unafungua, unatoa, unaweka nyingine, hata mimi mshonaji naweza. Gari likarudi kuwa gari. Na siku hiyo hiyo baba akalisikia linavyonguruma akasema, "Mmeona? Mkono wa fundi hauzeeki." Mshauri, alikuwa na miezi haongei, anakaa kwenye kiti anatazama mlango, chakula anakigusa tu. Jioni ile alikula akamaliza. Ningemwambiaje?

Basi nikaingia kwenye mchezo ambao nikiuandika naona aibu. Nilinunua filta mbili. Ile nzuri inakaa kwenye gari mwezi mzima, na Ijumaa kabla ya siku yake ya kazi naitoa, naificha chini ya majora ya kitambaa, naweka ya pili ambayo kazi yake hapa duniani ni kuoshwa tu. Baba anaiosha, anairudisha, Jumapili naitoa narudisha nzuri. Miezi tisa sasa. Mama anajua nusu, kwa sababu aliwahi kunikuta, akaniangalia, akageuza uso.

Lakini gari lilipozidi kuwa zuri ndivyo baba alivyozidi kujiamini, akaanza kuwaambia majirani walete magari yao, bure kabisa, kujinyoosha mikono. Wengi wakacheka, ila mkunga wa mtaa, mama wa watu, analeta watoto wetu wote duniani, yeye akaja, kwa heshima ya baba. Nilimwona baba kupitia dirishani akiosha filta ya gari lake. Nilikuwa nashona kola. Sindano ikasimama, nami nikakaa kimya, nikajiambia kesho nitakwenda kumnunulia ya saizi yake nimbadilishie. Alasiri ile ile akaitwa kwa mzazi upande wa pili wa mlima. Gari likamzimikia njiani, akatembea na mkoba wake zaidi ya saa moja, alipofika mtoto ameshatoka na mama yake anavuja damu, hakuna aliyejua pa kushika. Mtoto yuko hai. Mama yake hadi leo hajainuka kitandani.

Mkunga analaumu mafuta mabaya, tena anajilaumu mwenyewe kwamba alichelewa kuondoka. Gari limesimama kwake, anakwenda kwa miguu, na amesema atalileta kwa baba Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kwa maneno haya: "Simwamini fundi mwingine." Nimefikiria Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, mkunga akiwa zahanati, nipite nyuma ya nyumba nimbadilishie filta kimya kimya, yaishe.

Na niandike lile ninaloliogopa zaidi. Mwezi uliopita baba aliinua filta juu aikague kama inapitisha mwanga. Alikuwa ameelekea ukutani. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Akakaa hivyo kitambo akasema, "Naam, safi." Mshauri, baba yangu haoni, na anatuficha, na mimi namsaidia kuficha. Nikisema nitamuua, nisiposema sijui nitamuua nani. Nifanyeje?

Binti wa Fundi


MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Fundi, pole. Pole kwa mama, pole kwa baba, na pole kwako uliyebebeshwa nyumba nzima na kaka wanaojua kupokea simu tu. Nimesoma barua yako mara tatu na mara ya tatu nililia kidogo pale ukutani. Sasa pole zimekwisha, tuzungumze.

Ulipodanganya mara ya kwanza ulikuwa umetaharuki, mgonjwa kiti cha nyuma, nakusamehe. Miezi tisa ya kubadilisha filta chini ya pua ya mzee huo si uoga wa ghafla, huo ni utaratibu. Ulimpa baba yako sifa za kazi ambayo hakuifanya, naye akazichukua akaenda kumtengenezea mkunga. Ulikaa dirishani ukatazama. Unajua hivyo, ndiyo maana umeandika, kwa hiyo sitakupiga tena hapo.

Mimi si fundi. Barua yako nilimpelekea fundi anayelitunza gari la ofisi yetu, akaisoma akashika kichwa. Anasema filta ya karatasi haioshwi hata siku moja. Maji yanailegeza, matundu yake madogo yanaziba, na ikirudishwa mbichi injini inaivuta mpaka inachanika, halafu vumbi lote linaingia ndani kusaga vyuma. Kuipuliza kwa mashine ya upepo nako hutoboa. Kwenye lami, magari mengi huhitaji mpya kila baada ya kilomita elfu ishirini hivi, kitabu cha gari lako kitakwambia hasa, lakini kwa njia yenu ya vumbi kata hesabu hiyo nusu, na uifungue kuitazama kila mwezi. Mulika taa upande mmoja: usipoona mwanga upande wa pili, imekwisha. Ukiona kitundu kinachong'aa, itupe hata kama ni ya jana.

Na wewe muuzaji alikuonyesha vibanio tu, kwa hiyo sikiliza yaliyobaki. Injini iwe imezimwa na imepoa. Toa ya zamani taratibu usimwage vumbi kwenye bomba, futa sanduku kwa kitambaa chenye unyevu, kisha weka mpya ya saizi ile ile, ukipitisha kidole kuzunguka ukingo wa mpira uhakikishe umekaa kote. Funga vibanio vyote vinne. Andika kilomita za siku hiyo kwenye kipande cha plasta ubandike juu ya sanduku. Ni kazi ya robo saa na haihitaji kujificha.

Lakini binti yangu, umenijazia kurasa mbili za filta, na hukuandika neno moja kuhusu breki. Mzee asiyeona jua liko upande gani, nani anamkazia nati za magurudumu? Nani aliyemfungulia breki mara ya mwisho? Mnashuka mlima ule mara mbili kwa wiki na mgonjwa nyuma. Usiwashe hilo gari tena kabla ya fundi mwingine kulikagua kuanzia tairi mpaka usukani. Jumatatu tafuteni gari la jirani, na kaka zako wapigie uwaambie wachangie kitu kingine zaidi ya maneno.

Kuhusu ule mpango wa kupita nyuma ya nyumba ya mkunga, ufute. Vumbi limeshaingia kwenye injini yake, filta mpya haitalitoa, na ataingia tena barabarani akidhani amepona. Nenda kwake kwa mlango wa mbele. Mwambie hivi: "Filta yako ilioshwa, niliona, nikanyamaza. Hukuchelewa wewe." Maneno hayo ya mwisho ni haki yake, mama wa watu hapati usingizi kwa kosa lisilo lake. Atakasirika. Kaa hapo hapo akasirike mpaka amalize. Gari lake lipelekwe kwa fundi lifunguliwe, na wewe ndiye utakayekwenda naye.

Kisha baba. Usimwambie mbele ya mama wala mbele ya watu. Anza na macho, filta ifuate. "Baba, najua huoni." Nyamaza. Usijaze ule ukimya kwa maneno, yeye ndiye atakayeamua kuufungua. Akikataa, mweleze habari ya ukuta na jua. Akikubali, usimpe siku ya kujishauri upya, mpeleke hospitali ya macho wiki hiyo hiyo. Kama ni mtoto wa jicho, hutolewa na watu huona tena. Kama ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa kikiwahiwa, na kila Jumamosi uliyomwacha aoshe karatasi yake akijifanya anaona ilikula sehemu ya hicho kilichobaki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umemsaidia kushika pazia.

Baada ya hapo, umpe vibanio vyake vinne. Vidole vyake vinajua sanduku lile kuliko macho yako. Filta mpya, wewe umesimama pembeni, yeye anaiweka kwa kupapasa, na breki asiguse. Huenda akakubali. Huenda pia akavua ovaroli siku hiyo asiivae tena, akarudi kwenye kile kiti, akakaa mwaka mzima bila kukuita jina lako. Sitakuambia kwamba hilo haliwezekani. Wazee wengine hawasamehe kuonwa. Hata hivyo utamwambia, kwa sababu hasira ya baba unaweza kuishi nayo ukampikia na kumfulia, lakini ukimzika mzazi wa watu huna utakalomfulia.

Hukuacha namba ya simu, ningekupigia. Barua zangu hutoka Ijumaa, na kwa hesabu yangu, hii ndiyo Ijumaa kabla ya mkunga kuleta gari. Hukuandika jina lako, lakini fundi Spana mwenye beseni, binti mshonaji, mkunga aliyekwama mlimani, nani mtaani kwenu atakayejiuliza ni akina nani? Gazeti liko vibandani tangu asubuhi. Kuna mtu anayapitia maneno haya sasa hivi, na atapita kwenu kumsalimia baba yako, atakaa naye, atamsomea. Acha kola hiyo. Inuka, ingia ndani ukamwambie wewe.