Ubao Usiofutwa

Jinja, 12 Februari

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mutonyi, ambaye ameota jino na sasa anamng'ata kila anayembeba. Sisi wazima. Goti lako je? Na kahawa, imeanza kuiva?

Mama, jirani yako Nagudi alikuja huku na habari. Anasema ulikwenda shuleni kuomba nafasi darasa la kwanza, ukafika mlangoni, ukasikia mwalimu ni nani, ukajifunika leso usoni ukakimbilia kwenye mibuni mpaka ukaanguka. Ni kweli? Nilicheka, halafu machozi yakanitoka. Serikali ndiyo iliyompeleka mume wangu kufundisha huko kwenu, hakuchagua. Lakini wewe, shule ya nini tena?

Binti yako,
Khainza

Bunabutye, 1 Machi

Mwanangu Khainza,

Hujambo? Goti lipo, na mimi nipo. Anayeandika ni Katekista Kuloba kama kawaida, na kama kawaida atatia chumvi.

Ni kweli nilikimbia. Nani asingekimbia? Mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Tangu alipokuoa sijauona uso wake, wala yeye wangu. Nitakaaje mbele yake anielekeze kidole, "Wewe Nambozo, simama"? Mlima mzima ungeona haya.

Shule ni kwa sababu ya ile filamu. Walitundika shuka uwanjani kwa kanisa, tukamwona bibi wa nchi nyingine, mvi kunizidi, kavaa sare, anaimba a, e, i pamoja na vitukuu. Watu wakacheka. Mimi nikasema, yule hata meno hana, mimi ninayo! Nataka kusoma barua zako mwenyewe, jikoni, polepole. Kuloba huzisoma kwa sauti ya mahubiri mpaka majirani wanajua Mutonyi aliharisha lini.

(Mimi Katekista nasema: sauti yangu ni ya kawaida.)

Basi, shule nimeiacha kabla sijaingia.

Mama yako

Jinja, 15 Machi

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi hatujambo.

Usiache. Mimi niliishia darasa la tano na bado najuta. Unakumbuka ulivyokuwa unanipeleka asubuhi, umande umetulowesha magoti? Ulikuwa unasimama nje ya dirisha mpaka nipate pa kukaa, ndipo uende shamba. Simama tena palepale, Mama. Nimemwandikia Baba Mutonyi, naye akajibu, "Ukuta hauna macho." Wewe kaa nje, mgongo ukutani. Yeye atafundisha akitazama ubao. Jioni akishaondoka, ingia.

Wako,
Khainza

Bunabutye, 20 Juni

Mwanangu,

Hujambo na mtoto? Huku mvua imezidi, lakini nakaa chini ya ukingo wa bati.

Watoto wakiitikia ndani, naitikia nje. Siku ya kwanza mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, darasa letu lina mwangwi!" Wakacheka wote. Nami nikacheka na ukuta wangu.

Jioni naingia. Mumeo hafuti ubao. Walimu wenzake wanamnung'unikia, yeye anaacha tu. Nanakili chini ya maneno yake, na kesho yake nakuta amenisahihisha. Juzi niliandika neno la kichwani mwangu mwenyewe: UMEKULA? Asubuhi watoto wakanisomea dirishani: NIMEKULA, MAMA.

Niliona haya, Khainza. Lakini nilifurahi.

(Mimi Katekista nasema: ubao huu utaninyang'anya kazi.)

Mama yako

Jinja, 4 Septemba

Mama mpendwa,

Salamu tele. Baba Mutonyi amehamishiwa huku kwetu! Mtoto alipomwona alilia, alidhani ni mgeni, sasa hataki kushuka mgongoni kwake. Anasema mwalimu mpya ni mwanamke wa Kapchorwa, si mkwe wa mtu huko. Umeshaingia ndani?

Khainza wako

Jinja, 30 Oktoba

Mama,

Mbona kimya? Goti? Au Katekista anaumwa? Baba Mutonyi anauliza kila jioni, "Mama ameandika?" Hata mistari miwili itatutosha.

Khainza

Bunabutye, 2 Desemba

Khainza,

Hujambo. Mimi mzima. Naandika mwenyewe. Usiulize nimeanza lini. Kuloba amenuna.

Barua zako zote nimezisoma. Jikoni. Nyingine nimezirudia.

Sasa nakaa ndani. Benchi la mbele. Mwalimu ni mwema. Ananiona, namwona. Lakini mchana anafuta ubao wote. Jioni nikichungulia ni mweusi tu.

Sura ya mumeo siijui. Tukikutana njiani nitageuka na yeye atageuka. Ni sawa. Mwandiko wake naujua. g yake ina mkia mrefu kama wa tumbili. Hapa hakuna mwingine anayeandika hivyo.

Mutonyi akianza kuandika, g yake ikiwa na mkia huo, usimsahihishe.

Mama yako
Nambozo