Aliyeniita Nyuma Yangu

Jumamosi jioni, Doornfontein, Johannesburg

Na wachezaji wenzangu wote wanakana kuniita. Zilibaki dakika mbili, mpira uko kwenye gongo langu la hoki, nikasikia nyuma yangu: "Kapteni, achia kushoto." Kwa Kiswahili. Kwenye timu hii aliyeongea Kiswahili nami alikuwa Akinyi tu, na Akinyi tulimzika mwezi wa tatu.

Niliachia bila kutazama. Kushoto alikuwepo Lerato, mchezaji wetu mpya. Akafunga, tukashinda.

Nikamuuliza kama ni yeye aliyeita. Akacheka kidogo, akajibu kwa Kiingereza. "Eish, kapteni. Mimi niliacha kukuita tangu wiki yangu ya pili hapa. Hunipasii."

Sauti ile ilinitisha, lakini maneno ya Lerato yamenitisha zaidi. Hata Akinyi, kabla hajafa, alikuwa ameacha kuniita.