Yuko Nyumbani Tu

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na hongera kwa ubunge. Natumai u mzima na koo limepona, maana siku ya mwisho ya kampeni sauti ilikuwa imekukauka kabisa. Sisi hatujambo. Mama yuko vilevile, upande wa kulia bado mzito, lakini anakula na kunigombeza, kwa hiyo nguvu anazo. Wanao wazima. Mkubwa siku hizi anajifungia chumbani. Mdogo analala kwangu na ananiita mama mbele za watu, nami nimechoka kumsahihisha.

Hotuba yako ya ushindi tuliitazama kwenye televisheni, mama tumemwegemeza kwenye mito. Ulisema, mwanamke wewe! Uliposema mwanamke asilazimishwe kuchagua kati ya kazi na familia, hata mimi nilipiga makofi. Ukashukuru chama, ukamshukuru dereva, ukawashukuru waliobandika mabango. Kisha ukasema unamshukuru pia dada yako, ambaye yuko nyumbani tu, anakuangalizia watoto.

Nyumbani tu! Chiriku, mimi ni mkunga. Hao vijana waliokuwa wakikuimbia jukwaani, mama zao wengi niliwazalisha mimi. Uliponiomba nichukue likizo bila malipo mpaka chama kikuteue, ulinikuta nimevaa sare, naenda zamu, na nilikuwa nimeshaahidiwa usimamizi wa wodi ya wazazi. Chama kilipokuteua, ukasema nivumilie mpaka uchaguzi. Sasa wodi ina msimamizi mwingine, binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Tunasema wanawake wamesonga mbele, na ni kweli, ila mara nyingi nyuma ya aliyesonga kuna mwenzake amebaki jikoni na mtoto mgongoni. Shemeji naye kila akija huuliza kuna chakula gani, basi, kazi yake imekwisha.

Sasa nakuambia lililonikaa rohoni, ukasirike ukitaka. Sikukupigia kura. Nilimpigia mpinzani wako, yule mwenye kitambi, ambaye sera zake sizijui hata moja. Nilitaka ushindwe, urudi ulee wanao na kumwogesha mama, nami nirudi kazini. Umeshinda kwa kura nyingi, hata hukuona pengo langu. Hospitali imekubali kunirudisha mwezi ujao, nami nimeshasema ndiyo. Tafuta mtu, au njoo mwenyewe.

Barua hii nimemsomea mama kabla ya kuifunga, kwani sikutaka kukusema pembeni naye yupo. Nilidhani atanifokea. Akalia. Akasema, kwa ulimi wake ule mzito, kwamba siku ile watu wako walipombeba na kiti chake hadi kituoni, wapiga picha wakimzonga, naye alimtilia alama mwenye kitambi, kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza kwa nini, na wewe ndiwe kipenzi chake tangu hapo. Akasema akifa anataka kuzikwa na mwanawe, si na mheshimiwa.

Basi, wasalimie wenzako huko bungeni, nawe ujitunze. Mama anauliza utakuja lini. Wanao hawaulizi tena.

Ni mimi,
Dada yako