Kiwiko cha Amina

Jumatatu, 5 Mei
Naiomba radhi shajara hii kwa ukimya wa majuma kumi. Sikukosa nafasi. Niliogopa kuandika nilichokitenda.

Nimefukiza mitungi kwa moshi, nimeosha vifuniko, nimechuja maziwa ya ngamia. Hii imekuwa kazi ya mke wangu Amina kwa miaka thelathini. Mimi, karani mstaafu, naifanya vibaya. Wateja wake wanasema maziwa yananuka moshi kupita kiasi. Yeye huketi mlangoni, mkono wa kulia mapajani, akinitazama.

Jumatano, 7 Mei
Basi niandike. Februari, bodaboda iliyokuwa ikimleta na mitungi kutoka Ngaremara, anakonunua maziwa, iliteleza kwenye changarawe. Alijikinga kwa kiganja. Kiwiko kikatoka mahali pake. Hospitalini walikirudisha, wakampiga picha, wakamfunga plasta. Agizo lilikuwa wazi: asiifungue, arudi baada ya wiki moja, kisha aanze mazoezi mepesi.

Siku ya nne vidole vilivimba. Ilinipasa kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo. Badala yake nilimwita Guyo, mrudisha mifupa wa kienyeji wa hapa mtaani kwetu Bulla Pesa, aliyenitibu mguu nilipokuwa kijana. Plasta niliifungua mwenyewe. Guyo alipaka samli ya moto, akauvuta mkono hadi ukanyooka. Asubuhi tatu mfululizo. Mimi nilimshika Amina mabega. Alilia. Nilimwambia aache utoto.

Jumamosi, 10 Mei
Kiwiko kimetoka tena. Mara ya tatu; ya pili ilikuwa katika yale majuma ya ukimya wangu. Alikuwa akijiinua kutoka kwenye kigoda kwa viganja. Nilisikia mlio mzito. Kilirudi chenyewe, lakini kidole cha mwisho na jirani yake vimekufa ganzi.

Jioni Guyo alipita. Hana ubaya, ndiyo shida yake.

"Leta samli, mzee. Huo mkono ni mkaidi tu."

"Kampake ngamia wako, Guyo," Amina akasema. "Yeye hana ulimi wa kukukatalia."

Guyo alicheka sana. Mimi sikuweza. Nilimsindikiza hadi njiani, nikamwambia asiuguse tena.

Jumanne, 13 Mei
Hospitali. Daktari ni kijana, msemaji wa polepole. Alimtaka Amina ajiinue kitini kwa mikono yote miwili. Alikataa. Daktari akasema woga huo nao ni dalili: mwili unajua kwamba kiungo hakiko imara. Kano zinazofunga mfupa kwa mfupa zimechanika, na kule kuvutwa na Guyo, tulikomsimulia, kulizuia zisishikane.

Aliuliza ni nani aliyefungua plasta.

"Ililegea yenyewe, daktari," Amina akajibu upesi.

Nikasema si kweli. Ni mimi. Daktari aliandika. Hakunikemea. Ningependa anikemee.

Njia ni mbili. Upasuaji Meru, kano zitengenezwe upya. Kiwiko kitatulia, ila huenda kisinyooke kabisa. Au kifaa chenye bawaba cha kuushikilia mkono, na mazoezi kwa miezi, bila kubeba mtungi tena, huku mshipa wa fahamu ukiwa hatarini kila kiwiko kikitoka. Jibu letu linatakiwa wiki ijayo.

Alhamisi, 15 Mei
Nilipanga hoja zote katika karatasi. Nikachagua Meru. Nikaanza kumsomea uamuzi, kama nilivyosoma kila uamuzi wa nyumba hii.

"Baba Saida, weka hiyo karatasi. Mara hii usiniamulie."

Hakupaza sauti. Niliiweka. Nimeona aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele ya mkubwa yeyote kazini.

Ijumaa, 16 Mei
Nimetoka msikitini. Amina amejimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Nusu imemwagika mezani. Sikuinuka, kwa kuwa hakuniita. Alipangusa, akamimina tena, akanywa polepole akitazama barabarani.

Hajaniambia amechagua njia ipi, nami sijauliza. Nitaandika akishaamua, kwa maneno yake mwenyewe.