Mwenyekiti Alivyomtunza Mwimbaji wa Video

Jumamosi, Ikwiriri

Banda langu la video halijafungwa! Tangu asubuhi sikutia kitu kinywani, kwa sababu Mwenyekiti wa kijiji alishatangaza mkutanoni kuwa video zangu zinafundisha vijana bangi, na kwamba leo atakuja mwenyewe kutazama.

Na mkanda wenyewe sasa! Shemeji kaniletea kutoka Dar bila kuutazama. Ni wa kuimba mwanzo mwisho, unawacheka wanaoiogopa bangi kupita kiasi. Mwalimu mmoja anawatisha wazazi kwa nyimbo: kijana akivuta mara moja tu, anapanda mezani kucheza, anamuuza mdogo wake. Mimi natafsiri Kiingereza chake huku jasho linanitoka. Watu hoi kwa kicheko. Wavuta bangi wa hapa tunawajua, wanalala tu, wakiamka wanaulizia ubwabwa.

Mwenyekiti hakucheka hata kidogo. "Mnasikia?" anawaambia. "Si ndiyo ninayowaambia kila siku?"

Mwalimu yule alipoanza wimbo wa mwisho, Mwenyekiti akainuka, akacheza taratibu hadi mbele, akaweka noti juu ya televisheni, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu. Vigelegele banda zima.

"Mama Rehema," akaniambia wakati wa kutoka, "wiki ijayo uuoneshe tena. Nitakuja na sheikh."

Sheikh ni mtu wa utani, ataelewa. Halafu akimweleza Mwenyekiti kuwa anayechekwa ni yeye... Basi, hayo ya wiki ijayo. Leo nimekula, nimeshiba.

Noti bado iko juu ya televisheni. Naona haya kuichukua. Aliyetunzwa si mimi.