L.H. Haikuwa Muhuri: Mwaka Bila Ladislav Hruska

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipofumba macho hapa Cedar Rapids, theluji ya Machi 1961 ikiwa bado mlangoni. Utusamehe. Tulitaka kukulilia, lakini hasira imetangulia.

Biashara yako ilianzia jikoni kwa Mama, miaka ile mahindi yalipokosa bei. Ulifungua redio mbovu ukauza vipuri vyake kwa posta. Sisi tulilamba stempu mpaka kolache za Mama, vile vimkate vyake vitamu, zikawa na ladha ya gundi. Baadaye ikaja katalogi, ikafika mashambani na hata Alaska, kwa kila aliyekaa mbali na jirani na kutamani kusikia sauti ya mtu.

Hukutuma valvu, ile taa ya kioo ya ndani ya redio, kabla ya kuiwasha mwenyewe na kungoja ipate moto. Ikikubali, uliandika L.H. kwa penseli juu ya kisanduku chake. Milo alipokuambia uajiri mtu akusaidie, ulicheka. "Mwanangu, bora mteja achelewe kuliko adanganywe." Wateja walingoja, na wengine walitunza visanduku hata baada ya valvu kuungua.

Ulipougua ulimwachia Eldon, mtoto wa mdogo wako, duka pamoja na jina la biashara. Alikushika mkono. "Baba mkubwa, nitaendesha vilevile." Ulimwamini, nasi tulimwamini.

Novemba, Orville, mteja wako wa Montana aliyezoea kukuita Laddie, alipiga simu nyumbani.

"Mama Hruska, Laddie anaumwa? Kaniletea valvu iliyokufa, na kaitia sahihi."

"Laddie tulimzika Machi," Mama akamjibu.

Orville akauliza, "Sasa nani kaandika?"

Mama alivaa koti akaenda dukani. Eldon alikuwa amechonga muhuri wa mpira wenye herufi zako, na wafanyakazi waliugonga juu ya visanduku bila kuiwasha valvu hata moja.

"Mama mkubwa, ni nembo tu. Wateja wanaipenda."

"Mume wangu hakuwa nembo, wewe mtoto. Nipe hiyo takataka."

"Jina nilipewa pamoja na duka."

Mama alirudi nyumbani mikono mitupu. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kumbe kibaya nacho chajiuza, kikivishwa jina la marehemu. Tunaona aibu, Baba, na tuna uchungu, kwa sababu anayefanya haya ni damu yako.

Basi wateja wote wasikie: L.H. yoyote iliyotumwa baada ya kifo chako si yako. Hukuishika.

Simu bado zinakuja. Mama hakubali yeyote kati yetu azipokee. Kila mara anasimama ukumbini, anasema polepole, "Mume wangu amekufa. Hajasaini kitu." Kisha anamsikiliza mgeni akishtuka, anampa pole yeye. Eldon anamfanya akuzike upya kila wiki.

Unakumbukwa na mkeo Albina, wanao Rosalie na Milo, wakwe zako na wajukuu. Eldon aliomba jina lake liwemo katika tangazo hili. Halimo.

Pumzika, Baba. Hatutakusahau, wala hatutanyamaza jina lako likitumiwa hivi.