Zamu ya maji ya Nice

Gadiel, weka hiyo chai chini. Nimeleta mafuriko Dar nikiwa nimekaa kwenye kochi langu hapa Kimandolu.

Si unajua mjukuu wangu Nice anasomea uhandisi? Maabara ya chuo chao huko Dar ina matangi na pampu, wanafunzi wanaziendesha kwa mtandao, kila mmoja kwa zamu yake. Leo ilikuwa zamu ya kupewa alama.

Nice katoka nje kuongea na simu. Mara kompyuta yake aliyoiacha mezani ikaandika: zamu yako imeanza. Dakika zinapungua, na mwenyewe hayupo.

Zamu ya maji, Gadiel. Sisi tuliokulia kwenye mfereji wa Nduruma, tukimwagilia mashamba kwa zamu, ungeiacha ipite?

Nikafungua koki yote.

Nilidhani ile picha ya kwenye kompyuta ni katuni. Kumbe tangi ni la kweli, maji ya kweli, na mwalimu wa kweli kapanda juu ya meza kashika viatu mkononi. Ziwa Duluti lilikuwa cha mtoto, na hapo sijaongeza chumvi.

"Nani anafungua maji?"
"Mimi, babu yake Nice."
"Shikamoo mzee. Naomba ufunge."

Kaniamkia kwanza. Juu ya meza.

Nice akaingia. "Babu, alama zangu." Kicheko kikanikauka. Nikamwambia mwalimu mtoto hakuwepo, kosa ni langu. Akacheka mpaka meza ikayumba. Nice kapewa zamu nyingine Jumatatu, ila mimi nikae nje.

Nimekubali. Nimeuliza tu anayemfuata Nice kwenye zamu ni nani, maana wewe uliyekuwa unanifuata kule mferejini ulikuwa unanifungia maji kabla zamu yangu haijaisha.